Shahidi wa Shingoni

Muuguzi Esha aliinua upindo wa kanga, akachungulia shingo ya mgonjwa, akasema, "Mweupe."

"Tazama tena," Fadina alimwambia.

"Nimetazama, dada. Mweupe pe. Hata doa hakuna."

Mgonjwa, Bi. Somoe Likwata, alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha magurudumu, mikono ameinyoosha ubavuni, uso umetulia tuli. Tumbo lake lilianza kujaa juzi na sasa lilikuwa gumu, ukilibonyeza kwa kidole halibonyei. Njiani kutoka kijijini alitapika maji ya kijani. Jasho lilikuwa limelowesha mto mzima. Mtu yeyote mwenye macho angejua kwamba bibi huyu anakufa, ila macho ya watu hayakuwa na kazi tena katika hospitali za nchi hii. Kilichotazamwa ni kile kipande cha ngozi ya ngisi, ukubwa wa kiganja cha mtoto, kilichoshonwa chini ya sikio la kulia la kila raia mtu mzima. Watu walikiita shahidi. Shahidi akiwa mweupe, huumwi. Akiwa wa manjano, unaumwa kidogo, kameze vidonge ukalale. Akiwa mwekundu, unapewa kitanda. Akiwa mweusi, mlango wa chumba cha upasuaji unafunguka.

Fadina alikuwa binti wa Bi. Somoe. Na kazi yake hapo Hospitali ya Kilele, kazi aliyoisomea na kuipenda kwa moyo wote, ilikuwa mtunza mashahidi. Ukitaka kucheka, cheka hapo.

*

Ngisi mwenyewe hana kosa. Ngozi yake imejaa vifuko vidogo vya rangi, maelfu kwa maelfu, na kila kifuko kimeshikwa pembeni na misuli myembamba kuliko unywele. Misuli ikivuta, kifuko kinapanuka na rangi inatandaa. Ikilegea, kifuko kinajikunja kuwa nukta isiyoonekana. Neva inaamuru, ngozi inatii, na ngisi aliyekuwa mweupe anakuwa mweusi kabla hujapepesa jicho. Wataalamu walichukua chembe za ngozi ile, wakazizoeza kuishi kwa damu ya binadamu, wakazikuza maabara tabaka kwa tabaka, kisha wakaziunganisha kwa uzi mmoja na neva ya uso, ile inayotokea nyuma ya sikio.

Walichagua neva ya uso kwa sababu waliyoiona nzuri. Mdomo unadanganya, walisema, na machozi yanadanganya, lakini maumivu yakifika, uso hucheza kabla mwenye uso hajaamua. Mchezo huo mdogo, usioonekana kwa macho, ndio unaovuta vifuko. Mtu akikunja uso kwa makusudi, amri hupitia njia nyingine ubongoni, na njia hiyo shahidi amefunzwa kuipuuza. Kwa hiyo huwezi kuigiza. Wakawajaribu watu wa makao makuu, wanafunzi na makarani wa kujitolea, wakawachoma sindano na kuwamwagia maji ya moto vidoleni. Wote wakawa weusi vizuri kabisa. Hakuna aliyefikiri kusafiri hadi huku uwanda wa juu kumchoma sindano kungwi.

Lakini tusiwe wanafiki. Kabla ya shahidi mambo yalikuwaje? Mwenye mjomba diwani alitangulia. Mwenye sauti kubwa alitangulia. Mnyonge alifia kwenye benchi akiwa ameshika kadi yake ya kliniki. Shahidi aliyakomesha hayo, na Fadina aliyaona yakikoma kwa macho yake. Ndiyo maana kila asubuhi alipita wodini na sifongo na maji ya chumvi, akawalowesha mashahidi wasikauke, akawasemesha mpaka wauguzi wakamcheka.

*

Daktari Kihwelo, daktari pekee wa upasuaji hapo Kilele, alilibonyeza tumbo la Bi. Somoe mara moja tu. Kisha akamvuta Fadina hadi kwenye sinki na kufungua bomba ili wasisikike.

"Utumbo umejisokota," alisema. "Kuna kipande kimeshaanza kuoza. Nikimfungua sasa hivi atapona. Tukisubiri mpaka jioni, nitafungua maiti."

"Basi mfungue."

"Kwa rangi ipi, dada Fadina?" Alielekeza kidevu kwenye mlango wa chuma mwisho wa wodi. Juu yake palikuwa na jicho la kioo, na kando ya jicho kioo kingine kilichoonyesha majina ya wagonjwa kwa kufuata weusi wa shingo zao. "Ule mlango unaujua kuliko mimi. Nikipitisha mtu mweupe unajifunga, taa zinazimika, na mimi na wewe tunapelekwa mahakamani. Aliyekuwa kwenye nafasi yangu alijaribu. Unajua alipo."

Fadina alijua alipo. Yeye ndiye aliyesimama kizimbani kutoa ushahidi dhidi yake.

"Nani anafuata?" aliuliza.

"Yule."

Hakukuwa na haja ya kuonyesha. Kijana aliyelala kitanda cha jirani na Bi. Somoe, Sefu, fundi wa pikipiki za umeme hapo mjini, alikuwa akipiga mayowe tangu alipoletwa. Alimwita mama yake, akamwita Mungu, akawatukana wauguzi matusi ya gereji. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Shingo yake ilikuwa ya hudhurungi iliyokolea, bado kidogo iwe nyeusi, na jina lake lilikuwa juu kabisa kwenye kioo. Mama yake, Bi. Asumini, alikaa kwenye stuli akimpepea kwa kipande cha boksi.

"Huyu akitangulia, mama yangu atafika?"

"Hafiki."

"Na mama akitangulia?"

Kihwelo alisugua kucha zake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Kijana ana nguvu," alisema. "Huenda akafika. Huenda. Mimi ningeanza na mama yako, kama ningekuwa naulizwa. Siulizwi." Akafunga bomba, akaenda kuvaa glavu.

*

"Mama, achia uso," Fadina alisema. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda.

"Niachie nini?"

"Uso. Usijikaze. Acha uumie kama watu wengine."

Bi. Somoe alitabasamu. Na tumbo lile, alitabasamu. "Mwanangu, hata ningetaka, nimeshasahau unaachiwa wapi."

Alikuwa kungwi. Wasichana wa vijiji vyote vya uwandani walipita mikononi mwake, wakafundwa kwamba uchungu wa mwili unamezwa. Msichana aliyepepesa ukope alirudishwa mwanzo, na wa kurudishwa mara ya pili alichapwa. Walipotoka walikuwa wamefungwa uso kwa maisha yao yote. Zamani ilikuwa sifa. Miaka hii ya shahidi, wanawake hao hao walifika Kilele na mtoto amekwama njiani, wakapimwa, wakakutwa weupe, wakaambiwa warudi nyumbani wakapumzike. Wengine walirudi kwa miguu na hawakufika. Fadina aliwahi kuwaeleza wakubwa makao makuu. Alijibiwa kwamba rangi ya maumivu ni moja kwa nchi nzima, na kwamba wanawake wa uwandani wamejaliwa, hawaumwi sana. Hasira aliyoipata siku ile hakuimaliza, ila aliendelea na kazi, kwa sababu waliokuwa wakipona ni wengi pia.

"Nilie mbele ya Esha?" Bi. Somoe aliendelea. "Huyu nimemfunda mwenyewe. Nilimchapa kwa ajili ya ukope."

"Kungwi, mimi sijali," alisema Esha. "Lia tu, nakuomba."

"Nyamaza. Tangu lini mwari akamfunda kungwi?"

Fadina akafanya jambo ambalo asingeamini kama angelifanya. Alikunja ngumi, akaikandamiza kwenye tumbo la mama yake, pale palipovimba zaidi, akaegemea kwa uzito wake wote. Pumzi ya Bi. Somoe ilikatika. Macho yalimtoka maji, maji tu, si kilio. Fadina alitazama shingo. Akakandamiza tena.

"Hapo hapo ndipo panapouma," Bi. Somoe alisema kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Sasa toa mkono."

Shingo haikubadilika.

Fadina alisimama. Alijichukia. Aliituma akili yake kila upande, na akili ikarudi na kitu kimoja tu, kitu kibaya.

Kwao kuna uchungu wa namna mbili. Uchungu wa mwili hauliliwi. Lakini uchungu wa kufiwa unaliliwa, tena kwa sauti, na asiyelia msibani watu humtazama kwa jicho la kumshuku uchawi. Hata kungwi hulia. Baba yake Fadina alipofariki, Bi. Somoe alilia mpaka sauti ikakauka, na shahidi wake alibaki mweusi hadi arobaini ilipopita. Neno ni moja, uchungu, na shahidi hakusoma kamusi. Akivutwa uzi anajibu. Hospitali ililijua hilo. Ndiyo maana ilikuwapo kanuni, na msimamizi wa kanuni hiyo alikuwa Fadina mwenyewe: aliyefiwa afunikwe shingo kwa kitambaa, asipimwe mpaka atulie, la sivyo wafiwa wote wangejikuta mezani wakipasuliwa bure.

Mdogo wake Fadina, Mshamu, kitinda mimba, kipenzi cha mama, alikuwa njiani. Alifanya kazi kwenye mitambo ya gesi huko pwani, na asubuhi ile Fadina alimpigia simu aje. Mama yao hakuwa na habari.

Fadina alimtazama mama yake. Akamtazama Sefu, aliyekuwa akimwuma mama yake mkono kwa maumivu, na Bi. Asumini akimwachia aume. Shingo ya kijana yule ilikuwa imesema kweli tupu. Fadina hakujidanganya. Alijua kwamba anakwenda kumwulia mama yake mtoto masikioni, na kwamba anakwenda kuchukua nafasi ya mtu. Alijua yote mawili, akayaweka kando, maana aliyekuwa akifa mbele yake ni mama.

*

Habari ya msiba haitupwi hivi hivi. Mfiwa hukalishwa, watu wenye nguvu humshika mikono, na anayesema huwa karibu. Fadina aliwaita wanawake wawili waliokuwa wakiuguza wagonjwa wao, akawanong'oneza. Walikuja wakiwa wameinamisha vichwa, mmoja akakaa kulia, mwingine kushoto, kila mmoja akashika mkono.

Bi. Somoe aliwatazama, na alikuwa ameshajua. "Nani?" aliuliza.

"Mama..."

"Nimekuuliza nani."

"Mshamu. Alikuwa anakuja kukuona. Gari limepinduka."

Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha chini ya sikio ilitokea nukta moja, ya pili, nukta kumi, na baada ya hapo hapakuwa na cha kuhesabu. Weusi ulitandaa shingoni ukafunika ngozi yote hadi ukingoni ulikoshonwa. Uso uliokuwa umefungwa tangu usichana ulifunguka, na kila kilichokuwa ndani yake kikatoka kwa pamoja. Bi. Somoe alipiga ukelele ambao wodi nzima ilinyamaza kuusikiliza, hata Sefu.

"Mwanangu! Nimemwita mimi! Tumbo langu limemwita akafa!"

Ndipo maumivu ya tumbo nayo yalipopata njia, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Alijikunja, akatapika, akalia kwa yote mawili bila kuyatenganisha.

Esha alikuja mbio na kitambaa. Fadina alimdaka mkono.

"Acha."

"Kafiwa, dada. Kanuni inasema..."

"Naijua inavyosema. Acha."

Esha alimtazama. Akakitazama kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni. Usoni mwake hapakusogea kitu. Alikuwa amefundwa vizuri.

Aliyeinuka ni Bi. Asumini. Aliweka boksi lake juu ya kitanda cha mwanawe, akaja, akakikumbatia kichwa cha Bi. Somoe kifuani pake, matapishi na yote. "Pole, mama yangu," alisema. "Pole sana. Ni kazi ya Mungu, mwenzangu. Lia. Lia usiweke ndani."

Kwenye kioo juu ya mlango jina la Bi. Somoe Likwata lilipanda toka chini kabisa mpaka juu. La Sefu likashuka hatua moja. Mlango wa chuma ulifunguka kwa mluzi, na Daktari Kihwelo akatokeza akiwa na barakoa. Kilio alikisikia. Alikuwa mtu mzima, alijua kilio cha namna gani hicho.

"Amekuwa mweusi kwa tumbo?" alimwuliza Fadina, akimkazia macho.

"Kwa tumbo."

"Haya. Mimi nimeuliza, nimejibiwa."

Bi. Asumini alikuwa ameinua uso kukitazama kioo. "Wangu si ndiye alikuwa wa kwanza?"

Alimgeukia mwanawe, akamgeukia mwanamke anayelia mikononi mwake, akavuta pumzi. "Basi atangulie. Masikini, amefiwa na bado anaumwa. Sefu, baba, utasubiri kidogo, sawa? Kidogo tu."

Sefu alimtukana mama yake tusi ambalo mtoto hamtukani mama. Kisha akaomba radhi, kisha akaanza tena mayowe. Kitanda cha Bi. Somoe kikasukumwa ndani.

*

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kihwelo alikata kipande kilichooza, akaunga ncha mbili kwa uzi uliosokotwa kwa protini ya meno ya ngisi, yale yanayokaa ndani ya vinyonyeo vya mikono yake. Uzi ule hauhitaji fundo. Ukiudondoshea maji ya uvuguvugu unajishika wenyewe na jeraha linafunga. Mambo mengi mazuri yalitoka kwa ngisi, ni vizuri kuyasema.

Nje, Fadina alikaa na ndoo yake ya maji ya chumvi, sifongo mkononi, bila kufanya kazi yoyote. Sefu aliendelea kulia, kisha kilio kikapungua, kikawa mguno, kisha hata mguno ukakoma.

"Alhamdulillahi," Bi. Asumini alisema kwa sauti ya chini. "Amepata nafuu. Tazama, amelala."

Fadina alitazama. Shingo ya kijana haikuwa ya hudhurungi tena. Ilikuwa nyekundu, na wekundu wenyewe ulikuwa ukififia pembeni. Juu ya mlango jina lake lilishuka. Likashuka tena. Mgonjwa mwenye jipu la paja alimpita. Mwenye jino alimpita. Mashine iliona kwamba Sefu anapona, na kwa haki yake yote ikawa inawapitisha mbele yake wale wanaoumwa zaidi.

Fadina alikuwa amewaona ngisi wengi wakifa kwenye beseni za maabara wakati wa masomo. Ngisi anayekufa hulegea, vifuko hufunga kimoja kimoja, na mwishowe huwa mweupe, msafi, wa kupendeza. Hapo ndipo alipokimbia. Alipiga mlango wa chuma kwa ngumi zote mbili, akaita jina la daktari. Kihwelo alijibu kutoka ndani kwamba mikono yake iko tumboni mwa Bi. Somoe, atoe upi?

Alirudi kwenye kitanda. Esha alikuwa ameshafika, akimkandamiza kijana kifua. Bi. Asumini alikuwa amesimama na boksi lake, haelewi kwa nini wanamsumbua mtu aliyelala.

"Mbona shingo yake nyeupe?" aliuliza. "Si ina maana haumwi?"

"Ndiyo, mama," alisema Esha, na akaacha kukandamiza. "Haumwi tena."

Kilio cha Bi. Asumini hakikuwa kirefu. Alikaa chini sakafuni, akaweka kichwa cha mwanawe mapajani, akamwuliza mara nyingi kwa nini hakusubiri kidogo.

*

Mshamu alifika alasiri na mfuko wa machungwa. Alikuta mama yake ameshaamka kwenye chumba kidogo cha waliopasuliwa, mrija puani, Fadina kando yake. "Shikamoo mama," alisema mlangoni, "umetutisha wewe."

Bi. Somoe hakuitika. Alimtazama kijana wake kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akamtazama tena. Kisha akamgeukia Fadina.

Fadina alisema yote. Hakujitetea, ila alisema mara mbili kwamba hapakuwa na njia nyingine. Mshamu alikaa kwenye kiti, akaanza kumenya chungwa kwa sababu hakujua afanye nini na mikono. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesikia ameuawa na dada yake, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Kwa hiyo nimemlilia mtu aliye hai," alisema Bi. Somoe.

"Umepona, mama."

"Na yule kijana aliyekuwa anapiga kelele?"

Fadina aliinama kuinyoosha shuka.

"Nimekuuliza, Fadina. Wewe ni fundi wa kusema. Sema."

"Amefariki. Ulipokuwa ndani."

Bi. Somoe alifumba macho. Alipoyafumbua, Bi. Asumini alikuwa amesimama mlangoni. Amejifunga kanga mbili, tayari kwa safari. Uani gari lilikuwa likingoja na mwili umeshapakiwa. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nimeona siwezi kuondoka bila kukupa pole tena," alisema. "Tumefiwa siku moja, chumba kimoja. Wewe ni ndugu yangu sasa."

"Pole na wewe, mwenzangu," alisema Bi. Somoe. Sauti haikutikisika.

"Nimeshapoa. Wako mnamzika lini?"

"Kesho. Nyumbani."

"Mungu amlaze pema." Bi. Asumini alisogea, akamwona Mshamu na chungwa lake. "Na huyu? Mbona mmefanana hivi?"

Fadina alifungua mdomo. Mama yake alimtangulia. "Mtoto wa dada yangu. Amekuja msibani."

Bi. Asumini alimwekea Mshamu mkono kichwani. "Pole, baba. Kufiwa na ndugu si kitu kidogo. Mtunze mama yako mdogo huyu, hana kijana mwingine."

"Ahsante, mama," alisema Mshamu. Maji ya chungwa yalikuwa yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Niliwaambia mimi, atangulie mama yule," Bi. Asumini alisema, akimgeukia Bi. Somoe. "Watu huko nje wananilaumu. Shemeji yangu ananiambia nimemwua mwanangu kwa huruma. Lakini ningesema nini mbele ya mtu aliyepata habari kama ile? Wewe ungesema nini?"

"Ningesema kama wewe."

"Basi. Hilo nilitaka kulisikia." Alimbusu mkono, akaenda zake. Walisikia kandambili zake mpaka mwisho wa ukumbi, kisha mlango wa gari, kisha gari.

Uso wa Bi. Somoe haukuwa umesogea muda wote ule. Shingo yake ilikuwa nyeupe. "Mshamu," alisema, "umesikia. Umekufa."

"Mama, acha utani."

"Mama yule anakaa hapa hapa mjini. Nyumba yetu ataijua, maana atakuja arobaini, atakuja na unga na mafuta, na mimi nitakwenda kwake. Siku atakayokuona sokoni, au atakapokukuta barazani kwangu unakunywa chai, atajua mwanawe alikufa kwa ajili ya nini. Sitamfanyia hilo. Tumeshamfanyia la kutosha." Alipumzika kidogo, mshono ulikuwa ukimvuta. "Rudi pwani. Usikanyage tena uwandani nikiwa hai. Wala mazishi yangu usije, atakuwepo."

"Dada!" Mshamu alimgeukia Fadina. "Mwambie basi. Hii ni akili gani? Mwambie huyo mama ukweli, mwombe msamaha, tufungwe, tufanywe nini, lakini mimi nimekosa nini?"

Fadina alijaribu. Alisema atakwenda kwa Bi. Asumini leo hii, atasema mwenyewe.

"Ukasemee nini?" aliuliza mama yake. "Ili wewe upumue? Yule ana kitu kimoja tu kilichomshika asianguke, kwamba alitenda wema. Ukikichukua hicho nacho, mimi si mama yako."

Mshamu aliliweka chungwa juu ya kabati. Alisimama akamngoja mama yake amnyooshee mkono. Mkono haukunyooshwa. Alikuwa mtoto wa kungwi, hakuomba mara ya pili. Alitoka kwa mlango wa nyuma, unaopitia chumba cha kufulia, ili watu wa ukumbini wasimwone.

Bi. Somoe alisikiliza hatua zake mpaka zikaisha. Kisha ikatokea nukta chini ya sikio, na nyingine, na shingo yote ikawa nyeusi tii. Safari hii hakupiga ukelele. Machozi yalishuka tu, mengi, na mdomo ulikuwa wazi bila sauti.

Huko wodini mashine ililia. Jina lake lilikuwa limepanda tena juu kabisa, mbele ya mwenye jipu, mbele ya mjamzito aliyekuwa ameletwa punde na ambaye shingo yake ilikuwa nyekundu. Esha alikuja mbio, akasimama mlangoni, akaiona shingo.

"Mshono umeachia? Mlango umeshafunguka, unamngoja yeye. Nimwite daktari?"

Fadina aliinuka, akachukua kitambaa kutoka mfukoni mwa Esha.

"Usimwite," alisema. "Amefiwa na mwanawe."